Wahunzi na Usubuji wa Shaba Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kazi ya kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuzimimina katika kalibu, imekuwa mikononi mwa wahunzi wa Kidatoga. Wahunzi hao ni wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao kwa desturi huoana wao kwa wao. Wafugaji wengine wa Kidatoga, wakiwemo Wabarabaiga wanaoishi kuuzunguka Mlima Hanang, waliwahesabu kuwa wenye mwiko na hawakuchanganya nao damu. Hata hivyo, mkuki wa kulinda ng'ombe na bangili za wanawake vilitoka kwao. Kutengwa huko kulikuwa dhuluma. Lakini pia kuliufanya ujuzi ubaki ndani ya ukoo, baba akimrithisha mwana.

Chuma cha zamani kilitoka nje ya nchi ya Wadatoga. Upande wa Singida, Waihanzu walikuwa miongoni mwa waliochoma mawe ya chuma katika matanuri ya udongo na kufua majembe. Shaba nayo ilitoka mbali zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilibeba mafundo ya waya wa shaba hadi bara, ikipitia vituo kama Kondoa-Irangi, na waya huo ukawa mapambo ya mikono, miguu na shingo. Baadaye mabaki ya vyombo vya viwandani yalichukua nafasi yake: kufuli mbovu, koki za bomba na sufuria za alumini zilizotoboka.

Mhunzi husubu shaba na alumini, lakini chuma hukifua tu, na sababu ni moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na shaba ya manjano kwenye nyuzi 900 hivi. Chuma huhitaji zaidi ya 1,500, joto ambalo tanuri dogo la mkaa halifikii. Kwa hiyo msumari huwekwa motoni hadi ulainike, kisha hugongwa juu ya fuawe uwe ncha ya mshale. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, na wa kando ya Ziwa Eyasi wamekuwa wakipata ncha hizo kwa Wadatoga, wakitoa asali kuwa malipo.

Kusubu huanza kwenye mivukuto. Mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi hubanwa kwa zamu, mmoja ukivuta hewa na mwingine ukiisukuma, ili pumzi isikatike kwenye mkaa. Vipande vya shaba huwekwa katika chombo kidogo katikati ya makaa. Vikishayeyuka, mhunzi hukishika chombo kwa koleo na kumimina uji huo katika mfereji mwembamba wa kalibu. Kalibu lazima iwe kavu, kwa maana unyevu hugeuka mvuke ghafla na kurusha shaba ya moto. Moshi mweupe unaopanda ni wa zinki inayochemka ndani ya shaba ya manjano. Anayeuvuta kwa wingi hupatwa na homa. Ufito unaopatikana hupashwa moto tena, hufuliwa, hukunjwa kuwa bangili na kuchorwa mistari kwa tindo.

Karne ya 20 ilipunguza wateja wa zana. Majembe ya viwandani, yakiwemo ya kiwanda cha Ubungo jijini Dar es Salaam, yalijaa madukani. Huko Hanang, mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970 yalimeza malisho ya Wabarabaiga, na wafugaji wengi, waliokuwa wateja wa wahunzi, wakahamia mikoa mingine.

Mapambo ndiyo yaliyodumu. Kando ya Ziwa Eyasi, hasa Mang'ola katika wilaya ya Karatu, iliyokuwa sehemu ya Mbulu, wahunzi husubu bangili mbele ya watalii na kuwauzia. Soko hilo huwapa kipato, na vijana huendelea kuwa na sababu ya kujifunza kupima moto kwa macho na kumimina bila mkono kutetemeka.