Fuvu la Mkwawa: Kuitia Nguvu Hoja

Leo tunalo swali linalowashinda wengi katika mitihani: jambo lipi, likiongezwa, litaitia nguvu hoja? Ninyi wa Uyole hamna haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Upo Kalenga, karibu na Iringa, katika nyumba ya makumbusho.

Mtwa Mkwawa wa Uhehe alijipiga risasi Julai 1898 ili asishikwe na Wadachi. Kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliwaamuru Wadachi walitoe fuvu hilo, lakini halikuonekana. Miaka mingi baadaye Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akakuta katika makumbusho ya huko mafuvu yapata 2,000. Yaliyotoka Afrika ya Mashariki yakatengwa na kupimwa, likachaguliwa moja ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa, tena lina tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa marehemu.

Hoja basi ni hii: fuvu lafanana na vichwa vya ukoo, nalo lina tundu, kwa hiyo ni la Mkwawa. Tafuteni ufa kwanza, udongo baadaye.

Mtu akisema, "Wahehe walilipokea kwa heshima kubwa," asema kweli, lakini hoja haikuongezeka nguvu hata chembe. Heshima yaonyesha walivyomtukuza Mkwawa, haionyeshi mfupa ni wa nani. Tundu lasaidia kidogo tu, maana vita vile viliua wengi kwa risasi. Vipimo ni afadhali, ingawa hata watu wasio ndugu huweza kulingana vichwa. Ufa mkubwa uko nyuma ya hayo yote: nani alithibitisha kwamba kichwa chake kilifika Bremen? Ukipima mafuvu, moja halikosi kuwa karibu zaidi na kipimo unachotaka, hata kama lake halimo kabisa!

Kama lingepatikana daftari la makumbusho lililoandikwa kwamba fuvu lile lililetwa kutoka Uhehe baada ya Julai 1898, hoja ingesimama imara kuliko kwa vipimo kumi.

Siku hizi iko njia ya kulinganisha chembe za urithi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mafuvu kadhaa ya Kilimanjaro yaliyohifadhiwa Berlin yamelinganishwa hivyo na watu walio hai, na jamaa wakapatikana. Swali lenu la juma hili: fuvu la Kalenga likipimwa likaonekana ni la ukoo wa Mkwawa, ufa gani bado utabaki? Jadilianeni katika vikundi vyenu, kisha mwandike jibu kwa sentensi tatu.