Kusoma Picha ya Kifaru: Chuma, Maelezo na Watu Walio Pembeni

Upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili una faida yake. Mtu akisema "kifaru amekwama", tunamwaza mnyama. Akisema "kifaru kimekwama", tunajua ni chombo cha vita. Lakini sarufi inaishia hapo. Kila chombo cha chuma chenye minyororo na mzinga kwetu ni kifaru, na huku Kampala watu wengi huyaita mamba magari ya deraya yanayopita barabarani, yawe ya aina yoyote. Kwa mazungumzo ya kila siku majina hayo yanatosha. Kwa mwanafunzi wa historia aliyeshika picha ya miaka mia moja iliyopita, hayatoshi hata kidogo. Aina ya chombo inaweza kuthibitisha au kukanusha mwaka, mahali na jeshi vilivyoandikwa chini ya picha.

Insha hii inajadili namna ya kutambua vifaru na magari ya deraya ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa kutumia picha. Hoja yangu ni kwamba msomaji wa picha anapaswa kuanza na sehemu ambazo ni vigumu kubadilishwa, yaani umbo la mwili, magurudumu, minyororo na mahali injini ilipokaa. Baada ya hapo ndipo atazame vitu vinavyobadilishwa kwa urahisi, kama vile rangi, alama na silaha. Maelezo ya chini ya picha yasomwe mwisho, kwa sababu mara nyingi yaliandikwa na mtu ambaye hakuwepo.

Tuanze na vifaru vya Uingereza. Kifaru cha kwanza kuingia vitani kilikuwa Mark I, tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers-Courcelette katika mapigano ya Somme. Kilikuwa na umbo la msambamba, na minyororo yake ilizunguka mwili mzima. Waingereza wenyewe waliviita vingine "dume" na vingine "jike": dume lilibeba mizinga miwili ubavuni pamoja na bunduki za rashasha, jike lilibeba bunduki za rashasha tu. Mark IV, iliyoingia vitani Juni 1917 huko Messines, ilikuwa na umbo lilelile. Ndiyo maana picha nyingi za Mark IV huandikwa "Somme, 1916", jambo lisilowezekana.

Tofauti zinaonekana ukitulia. Mark I ilikuwa na magurudumu mawili nyuma, kama mkia, ya kusaidia kukata kona. Hata hivyo, mkia huo uliachwa baada ya muda mfupi, hivyo kutouona hakutoshi kusema kwamba kifaru si Mark I. Tazama pia mizinga: ya Mark I dume ilikuwa mirefu, ya Mark IV ilifupishwa. Tazama nyuma: Mark IV ilibeba tangi la mafuta nje, kati ya minyororo miwili. Dalili moja ni shahidi mmoja, na mzee wa baraza hakati kesi kwa shahidi mmoja. Dalili mbili au tatu zikikubaliana, hapo tunaweza kusema jambo.

Rangi na alama ni mashahidi wenye ndimi mbili. Chukua picha ya Mark IV yenye msalaba mkubwa wa Kijerumani ubavuni. Anayeanza na alama atasema ni kifaru cha Ujerumani. Anayeanza na umbo atasema ni cha Uingereza. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Ujerumani iliunda vifaru vyake vya A7V vipatavyo 20 tu, na A7V haifanani kabisa na Mark IV: ni sanduku refu la chuma, na minyororo yake imefichwa chini. Vifaru vingi ambavyo Wajerumani walipigana navyo vilikuwa vya Waingereza, vilivyotekwa, vikatengenezwa na kuchorwa misalaba. Mizinga ya dume ilibadilishwa na kuwekwa mizinga ya milimita 57 iliyotoka katika akiba ya Ubelgiji. Kwa hiyo picha moja inaweza kuwa na mwili wa Kiingereza, mzinga wa Kibelgiji na msalaba wa Kijerumani. Mkanganyiko huo uliwasumbua hata askari waliokuwa uwanjani, na mwaka 1918 Waingereza wakapaka vifaru vyao mistari myeupe na myekundu ili wasipigane wao kwa wao.

Mfano wa tatu ni wa Ufaransa. Renault FT kilikuwa kifaru kidogo cha watu wawili, chenye kijumba cha juu kinachozunguka na injini iliyokaa nyuma. Mpangilio huo ndio uliofuatwa na vifaru vingi vilivyokuja baadaye. Vilitengenezwa zaidi ya 3,000, na nchi nyingine zikaunda ndugu zake: Marekani ikatoa M1917, Italia ikatoa Fiat 3000, na Urusi ya Kisovieti ikaunda vyake vichache mwaka 1920 kwa kufuata FT. Kwa mbali, wote ni watoto wa mama mmoja.

Kutofautisha FT na M1917 kuna uzito wa kihistoria. Wamarekani walipopigana Saint-Mihiel, Septemba 1918, kikosi cha vifaru vyepesi cha George Patton kilitumia FT za Kifaransa. Vifaru vya M1917 havikupigana kabisa katika vita hivyo. Vya kwanza vilifika Ufaransa baada ya silaha kuwekwa chini tarehe 11 Novemba. Basi picha ya M1917 iliyoandikwa "Wamarekani wakishambulia, 1918" huenda ilipigwa kwenye mazoezi nchini Marekani, na anayeitumia kama ushahidi wa mapigano anajenga nyumba juu ya mchanga.

Tofauti zenyewe ni ndogo. Bomba la moshi la FT liko ubavu wa kulia. La M1917 liko kushoto. Gurudumu kubwa la mbele la FT kwa kawaida lilikuwa la mbao lenye ukingo wa chuma. La M1917 lilikuwa la chuma tupu. Hapa kuna mtego. Picha za zamani zilichapwa kutoka kwenye negativu za kioo au filamu, na mchapaji akiiweka negativu kinyume, kulia hugeuka kushoto. FT ya Kifaransa itaonekana na bomba la moshi upande wa Wamarekani. Kwa hiyo, kabla ya kuamini kulia na kushoto, tafuta maandishi yoyote kwenye picha uone kama yanasomeka. Kama hayapo, angalia koti la askari: vifungo vya koti la mwanamume hushonwa upande wake wa kulia. Kisha rudi kwenye gurudumu, ambalo halidanganywi na negativu.

Mambo haya hayakuishia Ulaya. Magari ya deraya ya Rolls-Royce, yaliyoendeshwa mwanzoni na kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, yaliletwa Afrika. Tarehe 26 Aprili 1915 magari tisa yalipigana Trekkopjes, katika koloni la Ujerumani ambalo leo ni Namibia. Baadaye magari ya aina hiyo yalitumika Afrika Mashariki, katika mapigano ya mwaka 1916 ya kuelekea Kilimanjaro. Rolls-Royce hutambulika kwa boneti yake, iliyosimama kama sanduku mbele ya dereva, na kijumba cha mviringo juu chenye bunduki ya rashasha. Lanchester ilikuwa na kijumba kinachofanana nacho, lakini injini yake ilikaa nyuma zaidi, karibu na dereva, hivyo pua yake inateremka kwa mshazari. Lanchester zinajulikana zaidi kwa huduma yake Urusi kuanzia 1916. Picha ya gari lenye pua ya mshazari ikiandikwa "Afrika Mashariki", ina haki ya kutiliwa shaka.

Hapa ndipo ninapotaka wasomi wenzangu tutulie. Katika picha za kampeni ya Afrika Mashariki, gari hupewa jina lake kamili, na ofisa aliyesimama kando yake hupewa jina na cheo. Waafrika waliomo katika picha hiyohiyo huandikwa "wenyeji" au "wapagazi", au hawatajwi. Watu hao ndio walioubeba mzigo wa vita, kwa maana halisi ya neno. Walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na kwingineko. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Uingereza walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yote mawili kutoka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Njia tuliyotumia kutambua chuma inaweza kutusaidia kwa watu pia. Kofia ya askari wa Kijerumani, tarbushi yenye nembo ya tai mbele, si kofia ya askari wa King's African Rifles. Mzigo, kama ni sanduku la risasi au gunia la chakula, unaeleza kazi ya aliyeubeba. Nambari iliyoshonwa kwenye nguo, au iliyoning'inia shingoni, inaweza kulinganishwa na orodha za malipo. Hatutapata jina la kila mtu, lakini tutapata zaidi ya neno "wenyeji".

Kwa kuhitimisha, kutambua kifaru katika picha kunadai mpangilio: umbo kwanza, alama baadaye, maelezo mwisho, na dalili zaidi ya moja kabla ya hukumu. Kazi hiyo inalinda historia dhidi ya uongo ambao haukukusudiwa, unaorudiwa kitabu baada ya kitabu kwa sababu hakuna aliyehesabu magurudumu. Kama tuna subira ya kutafuta bomba la moshi liko upande gani, tuwe na subira hiyohiyo kwa mtu aliyesimama nyuma ya gari, mzigo kichwani, akimtazama mpiga picha.