Gelai, Ufa Uliofunguka Kimya Kimya

Gelai ni mlima wa volkeno uliolala kusini-mashariki mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Wageni wengi huupita wakielekea kwa jirani yake mwenye sifa kubwa zaidi, Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu na ambao hutoa zaha nyeusi ya kaboneti isiyotolewa na volkeno nyingine yoyote hai duniani. Lakini kwa anayetaka kuelewa namna Afrika Mashariki inavyojitenga polepole na bara, ushahidi wa Gelai ni mzito kuliko wa jirani huyo. Mwezi Julai 2007 ardhi ya hapo ilianza kutetemeka mfululizo, na tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilifikia ukubwa wa 5.9 na kuwatoa watu maofisini Nairobi, zaidi ya kilomita 150 kutoka mlimani. Nashikilia kwamba matetemeko hayo, pamoja na hofu yote yaliyoileta, yalikuwa sehemu ndogo tu ya kilichotokea, na kwamba tusingejua hivyo kama tungetegemea kipimo cha aina moja.

Bonde la Ufa limewahi kuwapotosha wapimaji hodari. John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyefika Baringo mwaka 1893, alitazama kuta za bonde, akalinganisha tabaka za miamba, akahitimisha kwamba sakafu ilikuwa imedidimia katikati ya nyufa mbili sambamba. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, alichunguza eneo la Ziwa Albert akasema kinyume: ardhi imesukumwa kutoka pande mbili, nayo sakafu imebanwa chini. Kisha, katika miaka ya 1933 na 1934, Edward Bullard alipita Afrika Mashariki akipima nguvu ya uvutano kwa pendulamu, akakuta imepungua juu ya mabonde. Kwa hesabu yake, sehemu nyepesi namna hiyo ingepaswa kuinuka. Kama imebaki chini, basi kuna kinachoikandamiza. Chombo bora cha wakati ule kikampa ushindi Wayland, na ushindi huo haukuwa wa haki. Namba za Bullard zilikuwa sahihi. Ila upungufu aliouona hutokana na mashapo mepesi yaliyojaa mabondeni pamoja na miamba yenye joto kali iliyopanda chini ya bamba lililokonda. Wala si haki kumlaumu: hakuwa na kipimo cha pili cha kuuliza swali lilelile kwa njia nyingine.

Mwaka 2007 hali ilikuwa tofauti. Kwa bahati njema, mtandao wa muda wa vipima mitetemo ulikuwa umetandazwa kaskazini mwa Tanzania mwaka huohuo. Kazi yake ni rahisi kueleza. Tetemeko hutoa mawimbi ya kasi mbalimbali, na kadiri kituo kilivyo mbali ndivyo muda kati ya wimbi la kwanza na la pili unavyorefuka. Vituo kadhaa vikilinganishwa, mahali na kina cha chanzo hujulikana. Karibu na Ziwa Manyara matetemeko yalitoka kina cha zaidi ya kilomita 20, ambako mwamba bado ni wa baridi na mgumu kiasi cha kuvunjika. Ya Gelai yalitoka karibu zaidi na uso wa ardhi. Hiyo ilikuwa dalili ya joto, lakini dalili haitoshi kuthibitisha. Ilibaki kujua ardhi yenyewe imekwenda wapi.

Jibu lilitoka angani. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Envisat, kutoka umbali wa kilomita 800 hivi, ilikuwa ikipiga picha za rada zenye mawimbi ya sentimita 5.6. Picha mbili za sehemu moja, moja ya kabla na nyingine ya baada, zikilinganishwa, kila nusu ya wimbi, yaani sentimita 2.8 za mwendo kuelekea setilaiti au mbali nayo, hujitokeza kama mkanda mmoja wa rangi. Gelai ilijaa mikanda. Eric Calais na wenzake walichapisha uchambuzi wao mwaka 2008: kwanza upande mmoja wa ufa uliteleza taratibu, kisha magma ikapenya wima ndani ya mwamba, kama kabari inavyopasua gogo, katika ukuta wa urefu wa kilomita 7 au 8 na unene unaofikia takriban mita 2. Juu yake ardhi ilididimia kwa makumi ya sentimita. Magma haikufika juu. Ukijumlisha nguvu ya matetemeko yote yaliyorekodiwa, hupati hata karibu na kiasi kinachohitajika kuisogeza ardhi hivyo. Mwendo mwingi ulifanyika bila mshindo.

Mwenye shaka atasema kwamba hakuna aliyeuona ukuta huo, na kwamba unene wake ni matokeo ya hesabu. Ni kweli, na tahadhari hiyo inafaa, kwa sababu Bullard naye alikuwa na hesabu. Tofauti ni kwamba hapa mashahidi wawili wasiotegemeana, mitetemo na rada, wanaelekeza mahali pamoja na majira mamoja. Kila mmoja pia ana upungufu ambao mwenzake anaufidia: Envisat ilirudia njia ileile kila baada ya siku 35, kwa hiyo peke yake isingeweza kueleza kipi kilitangulia, vipima mitetemo vilihesabu hadi sekunde lakini havikusikia mtelezo wa polepole. Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Bonde hupanuka milimita chache tu kwa mwaka. Mita 2 ndani ya wiki chache zinawezekanaje? Zinawezekana kwa kuwa mvuto hujilimbikiza kwa mamia ya miaka bila chochote kuonekana, kisha magma hulipa deni kwa mkupuo. Wastani wa milimita kwa mwaka ni sahihi, ila haupaswi kusomwa kana kwamba kila mwaka hufanana na mwenzake.

Septemba mwaka huo Oldoinyo Lengai ulilipuka na majivu yakaangukia malisho. Wapo wanaouhusisha mlipuko huo na ukuta wa Gelai, na mabadiliko ya mgandamizo chini ya ardhi yanaweza kweli kufanya hivyo. Hata hivyo, ukaribu wa tarehe peke yake hauthibitishi kwamba moja lilizaa jingine.

Wengine watauliza faida ya haya yote katika eneo lenye watu wachache. Septemba 2016 tetemeko la ukubwa uleule wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba Bukoba, mji usiokaa ndani ya bonde lenyewe. Namba moja, hatari mbili tofauti kabisa, na hakuna awezaye kuzitofautisha mapema bila rekodi ndefu za mahali husika. Vituo vya GPS vilivyowekwa kuzunguka Oldoinyo Lengai kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Ardhi na watafiti wa Marekani ni mwanzo mzuri, ila miradi huisha na vifaa hurudishwa. Tanzania na Kenya zigharamie vituo vya kudumu vya mitetemo na GPS kutoka Magadi hadi Manyara, na takwimu zake ziwe wazi kwa kila mwanafunzi wa jiolojia wa Dodoma, Dar es Salaam na Nairobi.