Ujiji katika Picha ya Sinema

Wasikilizaji wetu, mwaka 1939 huko Marekani ilitolewa picha ya sinema iitwayo Stanley and Livingstone. Spencer Tracy alicheza kama Stanley, na Cedric Hardwicke kama Daktari Livingstone. Kiini cha habari ni mji wetu wa Ujiji, ambako mabwana hao walikutana mwaka 1871. Yafaa tuulize: je, watu wa picha hiyo ndio watu wa habari yenyewe?

Picha ilimpa Stanley mwenzi wa safari, Mmarekani aitwaye Jeff Slocum. Mtu huyo hakuwako kamwe, alibuniwa. Aliyekuwako ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi hali ni huru. Yeye alikwisha kufika Ujiji pamoja na Burton na Speke mwaka 1858, miaka mingi kabla ya Stanley kuijua njia. Hata hivyo Stanley mwenyewe aliandika, katika kitabu chake cha mwaka 1872, ya kuwa alimpiga Bombay. Basi shujaa alikuwa na ukali wake, na mtumishi alikuwa na maarifa yake.

Tena, katika picha za namna hii Mwarabu huwa mwovu tu. Biashara ya watumwa ilikuwa ovu kweli, nayo ilipita katika mji huu, hatuifichi. Lakini mwaka 1869 Livingstone, adui wa biashara hiyo, alipokuwa mgonjwa hawezi kutembea, ni Muhammad bin Gharib, mfanya biashara Mwarabu, aliyemwuguza, na watu wake wakamchukua machelani hadi ufukoni mwa ziwa, apate kuvuka kuja Ujiji. Daktari aliichukia biashara ile, na uhai wake ukaokolewa na mikono yake.

Na Susi, aliyemkimbilia Stanley kumlaki? Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna bwana aliyewaamuru. Waliamua wenyewe.

Wahenga wamesema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtumbwi huundwa, na picha ya sinema vile vile. Basi tutazamapo, tumtafute yule asiyepewa jina. Huenda ndiye aliyeijua njia.