BOLTI MOJA NA NDEGE NZIMA
Historia fupi ya kazi ya mpangaji



Wengi mnaifahamu kazi ya rubani na ya fundi wa ndege. Kazi yangu mimi, mzaliwa wa Mhunze, haijulikani sana: ni mpangaji wa uzalishaji katika kiwanda cha vipuri vya ndege huko Uingereza. Mhariri ameniomba niieleze, nami nitaieleza kwa historia yake.

Mpangaji huanza na siku ya kukabidhi ndege, kisha huhesabu kurudi nyuma: bawa lifungwe lini, bati likatwe lini, bolti ziagizwe lini. Mkulima wa pamba wa Kishapu anaijua hesabu hii. Mvua haimngoji mtu. Kwa hiyo sharti mbegu iwe imefika na shamba limekwisha kulimwa kabla ya tone la kwanza.

Kazi hii ilikua hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha Ford cha Willow Run, Marekani, kilichounda ndege za B-24, kilisuasua mwanzoni. Kufikia 1944 kilikuwa kikitoa takriban ndege moja kila saa.

Lakini ukubwa wa kiwanda si kinga. Tarehe 8 Julai 2007 Boeing ilionyesha hadharani ndege yake mpya, 787. Kwa nje ilimeremeta; kwa ndani ilikuwa tupu kwa sehemu kubwa, na imeshikwa kwa bolti za muda, kwa kuwa bolti halisi zilikuwa adimu. Ilitarajiwa mteja wa kwanza apewe ndege mwezi Mei 2008. Alipewa Septemba 2011. Haba na haba hujaza kibaba, na haba ikikosekana kibaba hakijai.

Sisi yatuhusu nini? Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza 1946, lilikuwa na karakana yake kuu Nairobi. Liliposimama mwanzoni mwa 1977, Tanzania iliunda shirika lake mwezi Machi mwaka huohuo, lakini karakana ile ilibaki Nairobi. Tangu hapo tulikuwa na ndege zetu, huku ratiba ya matengenezo ikiwa mikononi mwa wengine kwa kiasi kikubwa.

Tarehe 8 Julai 2018, miaka 11 kamili baada ya maonyesho yale, Boeing 787 yetu ya kwanza ilitua Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka huo ikafuata Airbus A220 ya kwanza. Hata hivyo, mwaka 2022 baadhi ya safari za shirika letu zilipunguzwa kwa sababu injini za A220 zilikuwa na hitilafu, na za kubadilisha zilikuwa haba duniani. Abiria aliyeachwa uwanjani hakumjua mpangaji wa ng'ambo, lakini upungufu ulioanzia kwake ndio uliomfikia.

Waethiopia wamepata kutengeneza mafungu ya nyaya za ndege za Boeing mjini Addis Ababa. Kwa hiyo jambo hili linawezekana katika Afrika.

Vijana, msidhani usafiri wa anga ni wa marubani peke yao. Shikeni Hisabati, na mjizoeze kuuliza swali la mpangaji: ni kitu gani kidogo kitakachotukwamisha, na tukiagize lini?