Huyo Alikuwa na Jina

Soko la Toi liliungua usiku wa kuamkia Jumamosi, 8 Juni 2024. Kuna watu waliofia humo. Kulipopambazuka, waliopona walikuwa wakitembea juu ya mabati yaliyojikunja, wakitafuta mahali walipokuwa wakiuzia jana yake. Moto wa mitumba haubakishi ukuta wala mlango. Unabakisha majivu, misumari na ubishi wa nani alikaa wapi.

Saa nne asubuhi mama wa viatu akanipigia. Tumemwita hivyo tangu nikiwa darasa la tatu, maana kibanda chake kilipakana na cha mamangu. "Kijana, si wewe ndiye wa mapicha? Nitafutie moja inayoonyesha ile nguzo yangu ya kona. Huyu mwenzangu anasema mpaka wake ulifika kwangu."

Nina picha kama 14,000 za Toi. Nilitafuta siku mbili na sikuipata.

Ukitoka Ngong Road pale Adams Arcade ukielekea Makina, unajikuta ndani ya Toi bila kuona lango. Soko limekaa ukingoni mwa Kibera miaka mingi, na wengi wanaouza humo hawana hati ya kipande wanachosimamia. Anwani yako ni jirani yako: mimi niko kati ya mama wa viatu na jamaa wa mapazia. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipofika huku, soko liliporwa na kuchomwa. Nilikuwa na miaka tisa. Moto mwingine ukaja Machi 2019. Kila mara watu hurudi, mbao hupigiliwa upya, na mpaka husogea kidogo.

Nilianza kupiga picha nikiwa kidato cha pili, kwa simu ya mamangu. Nilipiga tu, kama wengine wote. Google Photos ilipofunguliwa Mei 2015, nafasi ilikuwa ya bure bila kikomo, mradi ukubali picha zibanwe kidogo. Nikamwaga kila kitu huko. Ofa ikaisha 1 Juni 2021, na kuanzia siku hiyo picha mpya zikahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure. Waliokuwa Flickr walishaonja hayo mwaka 2019, akaunti za bure zilipowekewa kikomo cha picha 1,000. Nguo ya kuazima haistiri matako. Nikanunua diski ya nje, nikanakili kila kitu, nikajiona nimemaliza kazi.

Kumbe nilikuwa nimehamisha fujo kutoka ghala moja hadi jingine. Picha zangu ziliitwa IMG_4471, IMG_4472, hivyo hivyo hadi mwisho. Nyingine zilitoka WhatsApp, na hizo ndizo zinazodanganya kabisa. WhatsApp ikikuletea picha, huwa imeibana na kufuta taarifa zilizokuwa ndani ya faili: saa iliyopigwa, simu iliyotumika, mahali. Kwenye simu nyingi faili hupewa jina la siku ilipokufikia. Picha ya 2010 ukitumiwa leo, inavaa tarehe ya leo.

Shida hii ya picha bila majina ni kongwe kuliko simu. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton: picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960, ambazo zimewekwa mtandaoni. Ukipitia picha za enzi hiyo, utazoea mtindo mmoja. Mzungu aliyeketi katikati ana jina, cheo, pengine hata jina la mbwa wake. Waliosimama nyuma ni "wapagazi" au "wenyeji". Mtu alisimama pale, akashika pumzi kamera ifanye kazi yake, na mjukuu wake leo hawezi kumpata hata akitafuta mwaka mzima, kwa sababu hakuna neno la kumtafutia.

Majirani zetu wa Makina wanajua bei ya hilo. Wanubi ni wazao wa askari wa Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, wakapewa makazi hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe la Kibera linatokana na neno lao, Kibra, yaani msitu. Kwa miongo mingi walichukuliwa kama wageni, wakihangaikia vitambulisho na ardhi. Mwaka 2011 mpiga picha Greg Constantine alitoa kitabu, Kenya's Nubians: Then & Now, akiweka picha zake mpya pamoja na picha za zamani kutoka kwa jamii yenyewe. Hizo za zamani zilikuwa za familia: harusi, watoto, wazee waliovalia kanzu. Ukiwa na jina na mwaka, picha ya harusi inasema jambo ambalo afisa wa serikali hawezi kulipita kirahisi: tulikuwa hapa. Hati ya ekari 288 waliipata Juni 2017.

Nilikuwa nayajua haya yote. Nilishasoma, nilishabishana kwenye vikao kuhusu wageni wanaokuja Kibera kupiga watoto wetu picha bila kuuliza hata jina. Halafu Novemba 2021 nikapigiwa simu na dada mmoja.

Kaka yake aliuza jinzi mbele ya kibanda chetu. Nilimpiga picha akiwa amening'iniza suruali mabegani kama joho, anacheka. Nikaiposti na maneno haya: "Msee wa jinzi. Hustler namba moja Toi." Watu walicheka, wakaisambaza. Sasa alikuwa amefariki kwa ugonjwa, na dada alikuwa akitafuta picha nzuri ya mazishi. Hakuwa ameipata kwa jina lake. Aliipata kwa bahati, mtu alipomtumia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo alikuwa na jina."

Nikaifuta posti siku hiyo hiyo kwa aibu. Simu iliyokuwa na faili asili ilikuwa imeibwa zamani. Kilichobaki ni nakala aliyonirudishia yeye kwenye WhatsApp, ikiwa na tarehe ya Novemba 2021.

Baada ya moto wa 2024 ndipo nilipoanza kazi kwa dhati, na mwalimu wangu akawa mamangu. Toi ukifungua robota la nguo, zile nzuri kabisa zinaitwa kamera, zinafuata kamera ya pili, na za mwisho ni fagia. Mama alisema picha nizipange hivyo hivyo. Ile iliyopigwa mara tisa, baki na moja. Ya giza, fagia. Kila iliyobaki nikaiandikia maelezo ndani ya faili lenyewe, ili yasafiri nayo: nani, wapi, lini, na ni nani aliyeniambia. Hilo la mwisho nililiongeza mimi, kwa sababu kumbukumbu ya mtu ni ushahidi, na ushahidi una mwenyewe.

Wiki ya tatu tukafika kwa muuza jinzi. Mama akanyamaza kidogo, kisha akaweka kidole kwenye kioo. "Huyo anayeinama nyuma yake ni mama wa viatu. Na hiyo ndiyo nguzo yake."

Picha niliyoitafuta siku mbili nilikuwa nimeipita mara kadhaa. Nilipoiona, niliona aibu yangu tu.

Mama wa viatu alifurahi sana. Tarehe ya faili ilisema 2021, yaani baada ya vibanda vya mstari wetu kujengwa upya kufuatia moto wa 2019. Kesi ilikuwa imekwisha. Lakini mama alikuwa ameona turubai ya bluu juu ya kibanda chetu. "Hiyo tulinunua mwaka uliomaliza fomu four. Iliungua 2019." Picha ilikuwa ya 2016, na nguzo ile ilikuwa ya mpaka wa zamani.

Ningeweza kunyamaza. Nilimpenda mama wa viatu, na huyo mwenzake simjui vizuri. Niliandika 2016, nikaeleza kwa nini, na wazee wa mstari waliponiita nikawasomea jinsi ilivyo. Wakagawanya kile kipande katikati. Mama wa viatu hakunisalimia hadi Krismasi.

Albamu sasa iko mtandaoni, lakini si yote. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mimi hulipwa na mtu yeyote? Hapana. Bado nauliza. Wapo wanaotaka jina kamili chini ya picha, wapo wanaotaka la utani, na wapo wanaosema nyumbani hawajui nauza Toi, tafadhali toa. Jina la muuza jinzi limeandikwa kwenye faili, na mwaka, na jina la dada yake aliyenieleza. Hapa silitaji kwa sababu familia iliomba hivyo.

Januari mama wa viatu alikuja nyumbani na bahasha. Ndani mlikuwa na picha sita za karatasi, Toi ya kabla ya 2008, pembe zimeliwa na unyevu. Akaketi, akavua miwani, akanitazama.

"Andika," akasema. "Na uandike vile nitakavyokwambia. Kama sina hakika na mwaka, andika sina hakika."