Darasa Lililosoma Ndani ya Ua: Alliance, 1955 hadi 1958



Katika taarifa hii ya mwaka mtasoma hesabu ya fedha ambazo Chama kimetoa kwa karo za watoto wetu. Kabla ya kufika kwenye hesabu hiyo, yafaa tutazame nyuma kidogo na kulikumbuka darasa moja lililoingia shule ya sekondari wakati wa Hali ya Hatari, likamaliza masomo kabla hali hiyo haijaondolewa. Habari zake zatuhusu sote, kwa maana ndani yake mna swali ambalo kila mzazi aliyepata kuuza mbuzi kwa ajili ya karo amejiuliza moyoni: je, elimu yaweza kumkinga mtoto na balaa la wakati wake?

Shule yenyewe ni Alliance, iliyofunguliwa huko Kikuyu mnamo Machi 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Tangu mwaka wa 1940 Mwalimu Mkuu alikuwa Bwana Edward Carey Francis, mtaalamu wa hesabu kutoka Cambridge, ambaye kabla ya hapo aliiongoza shule ya Maseno tangu 1928. Shule za sekondari za Waafrika zilikuwa chache mno siku zile, na nafasi ya Alliance ilitafutwa na wavulana wa kila upande wa nchi. Huko ndiko walikopita Oginga Odinga, Ronald Ngala na Bernard Mate kabla majina yao hayajajulikana na watu.

Nje ya shule nchi ilikuwa vitani. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Shule nyingi za kujitegemea za Wakikuyu zilifungwa. Mwezi Machi 1953 damu nyingi ilimwagika Lari, kwanza kwa mikono ya washambuliaji, kisha kwa mikono ya wale waliolipiza kisasi. Mwezi Aprili 1954 maelfu ya watu walikusanywa Nairobi na kupelekwa kizuizini. Kuanzia mwaka huo huo watu wa mashambani walilazimishwa kuacha maboma yao na kujenga upya katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa kwa bunduki. Waliohamishwa walizidi milioni moja, na vijiji hivyo vilizidi 800. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Katika hali hiyo, mwezi Januari 1955, darasa jipya liliitwa Alliance. Mmoja wa wavulana hao alikuwa James Ngugi wa Limuru, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Limuru si mbali na Kikuyu, lakini siku zile Mkikuyu hakuweza kupanda gari la moshi bila kibali. Kijana huyu hakuwa nacho. Alikuwa na barua ya kuitwa shuleni, na wenzake waliokuwa na vibali wakapanda, yeye akabaki stesheni. Ilibidi asaidiwe na mfanyakazi wa reli, akasafiri katika behewa la mizigo. Hivyo ndivyo alivyoingia katika shule iliyosifiwa kuliko zote.

Ndani ya ua wa shule mambo yalikuwa mengine kabisa. Kulikuwa na kengele na ratiba, usafi na sala, michezo ya mpira, na kila mwaka tamthilia ya Shakespeare. Tena wanafunzi wenyewe walitunga na kuigiza michezo kwa Kiswahili. Mmojawapo, «Nakupenda Lakini» wa Henry Kuria, ulichapishwa mwaka wa 1957, na mpaka leo hutajwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya Kiswahili iliyoandikwa nchini Kenya. Wazee, tulitafakari jambo hilo: nchi ilikuwa ikichomeka, na vijana walikuwa wakiwachekesha wenzao kwa lugha iliyomfanya mvulana wa Pwani na yule wa Nyanza wacheke pamoja.

Lakini ua haukuwafuata wanafunzi nyumbani. Mwezi Aprili 1955, muhula wa kwanza ulipokwisha, Ngugi alirudi Limuru akiwa amevaa sare yake mpya ya kaki. Alipofika mahali palipokuwa na boma lao hakuona nyumba. Kila kitu kilikuwa kimebomolewa, na watu wake wamehamishiwa kijiji kipya cha Kamiriithu. Ndugu yake alikuwa msituni na wapiganaji. Mama yake alishikwa na Homu Gadi na kuhojiwa kwa mateso. Na ndugu yake mwingine wa baba mmoja, aliyekuwa kiziwi, alipigwa risasi na kufa kwa kuwa hakuisikia amri ya kusimama. Likizo ilipokwisha, kijana alirudi darasani akafungua vitabu.

Bwana Carey Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi, wala hakulificha jambo hilo. Lakini pia alilalamikia ukatili wa askari wa Serikali. Wako wanaomsifu mpaka leo na wako wanaomlaumu. Lililo hakika ni kwamba katika miaka ile mtoto ambaye ndugu yake alikuwa msituni aliweza kuketi darasani mwake na kufundishwa.

Na miaka haikusimama. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mwezi uliofuata Ghana ilipata uhuru, na Waafrika wa Kenya wakachagua wajumbe wao wanane wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, wakiwamo Odinga, Ngala na Mate. Mwezi Juni 1958, darasa letu likiwa katika mwaka wake wa mwisho, Odinga alisimama katika Baraza akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa wangali viongozi wa watu. Wengi walishtuka, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mwezi Desemba 1958 darasa lilimaliza. Mtihani wao wa Cambridge ulisahihishwa Uingereza. Waliotazama nyuma siku ile waliona miaka minne ya kengele na vitabu, na nyuma yake miaka minne ya mahandaki na vilio. Je, elimu iliwakinga? Jibu lilikuja upesi. Mwezi Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na kuuawa kambini Hola. Mwezi uliofuata Ngugi, ambaye sasa alikuwa akifundisha shule ya msingi huku akingoja kwenda Makerere, alitolewa katika basi na polisi, akashtakiwa, akawekwa rumande. Cheti hakikumwokoa. Lakini alisimama mahakamani, akajitetea kwa maneno yake mwenyewe, akaachiliwa, na mwezi Julai akaingia Makerere. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Mwaka wa 2012 alivichapa visa hivi katika kitabu, na mwaka wa 2025 akafariki dunia.

Basi, ndugu wanachama, jibu la swali letu ndilo hili. Elimu haikuwakinga vijana wale na risasi wala na pingu. Iliwapa ulimi wa kujitetea na mkono wa kuandika yaliyotendeka, yasije yakasimuliwa na wengine tu. Lakini nani aliilipia elimu hiyo? Ni mama waliochimba mahandaki mchana kutwa chini ya ulinzi, kisha usiku wakahesabu senti za karo gizani. Majina yao hayamo katika orodha ya waliofaulu.

Wengi wao wamekwisha kututoka, na waliobaki ni wakongwe. Kwa hiyo kila mtoto ambaye karo yake imeandikwa katika taarifa hii na apewe kazi moja zaidi: akienda likizo, aketi na mzee mmoja wa nyumbani kwao, amwulize aliishije miaka ile, na ayaandike majibu. Hilo nalo ni deni, na muda wa kulilipa umebaki mfupi.